Sangara wa Ami

Klabu yetu ya uvuvi ilikuwa na mtindo wake: samaki huvuliwa ili arudishwe majini. Mtu anaamka alfajiri, anakaa mvuani mpaka viatu vimejaa maji, anamtoa samaki mzuri, anampima, anamsifu, kisha anamwachia aende zake. Nilipomweleza mke wangu alisema Wazungu wana nafasi. Yeye mwenyewe alikuwa keshanichoka kwa ajili ya wale funza wa chambo niliokuwa nikiwaweka kwenye friji, kwenye kopo, kando ya maziwa ya watoto.

Bwawa lilikuwa mwendo mfupi kutoka kwetu, upande wa Kingsbury huku Uingereza, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Nililizoea kuliko nilivyozoea ofisi yangu. Nilijua pale mti ulipoangukia majini, na nilijua sangara wa huku, wale wenye mistari myeusi ubavuni na miba mgongoni, hujificha chini ya matawi yake jua likipanda. Kwa miaka watu wa klabu walinisalimia kwa habari za hali ya hewa, nami nikajiona mwenzao.

Kisha samaki wakapungua. Langoni pakapigiliwa kibao: picha ya samaki na uma, na mstari mwekundu umekatiza juu yake. Yaani kuna mtu anawala. Sasa hesabu mwenyewe ni nani klabuni alikuwa na sura ya mla samaki. Mzee mmoja tuliyekuwa tukikaa jirani miaka yote akaniuliza, macho yake kwenye mfuko wangu, kwetu tunapenda kupika samaki gani. Mfukoni nilikuwa na chupa ya chai na kipande cha mkate wa kumimina. Nilimfungulia akaona. Mpaka leo sijui kwa nini nilimfungulia, na mpaka leo inaniuma.

Mke wangu alinambia niache, bwawa si la baba yangu. Nilikataa. Nikiondoka watasema si unaona, ndiye huyo. Nikajiandikisha mashindano ya sangara ya mwisho wa msimu. Shida yangu haikuwa kombe. Nilitaka niwashinde wote, halafu niwarudishe samaki wangu majini mmoja mmoja mbele ya macho yao, na yule mzee awepo.

Ami yangu akataka kuja kutazama. Ndiye mdogo wake baba, ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki, na wakati huo alikuwa akikaa kwetu. Ami alipata kushinda na njaa, huko alikokimbilia kabla ya kufika Uingereza, na tangu hapo mtoto akimwaga chakula alikuwa anaumwa kweli. Ndani ya basi nilimweleza kwamba samaki wote watarudishwa. Alicheka mpaka akakohoa. "Usinifanye mtoto," akasema.

Kura ya mahali pa kukaa ikaniangukia pale pale kwenye mti. Nilivua siku ile kama sijapata kuvua. Kila sangara nilimtia kwenye mfuko mrefu wa wavu uliozamishwa ukingoni, wanamokaa hai wakisubiri kupimwa. Mmoja alikuwa mkubwa hasa, hata Ami aliinuka kwenye kiti chake cha kukunja akamtazama vizuri. Akamsomea mashaallah.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mwenyekiti akaniita. Akaniomba nimsaidie kubeba mizani. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniomba msaada pale, hata wa kiberiti. Niliruka. Tukazunguka bwawa, mimi na mizani begani, yeye akisoma uzito, wenyewe wakiwamwaga samaki wao majini, na kila tulipopima nilijua hajanifikia. Watu wakaanza kutufuata nyuma. Yule mzee pia alikuwemo. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Tulipofika kwangu, Ami alikuwa amechuchumaa kwenye majani. Sangara wote walikuwa wamelazwa juu ya gazeti, wamepasuliwa, matumbo na matamvua pembeni, magamba yamemrukia mpaka ndevuni. Alikuwa akifuta kile kisu chake cha kumenyea machungwa.

"Nimewaona wale wendawazimu ng'ambo wanamwaga samaki," akanambia. "Nikasema hawa wetu niwawahi kabla hawajawafikia."

Mwenyekiti hakumtazama Ami. Alinitazama mimi. "Kumbe ni wewe," akasema.

Nilimwambia huyu ni mzee, mgeni, hajui taratibu, na ni hawa tu, sijapata kutoa samaki mwingine humu. Akajibu kwamba hawa ndio walioonekana. Yule mzee jirani yangu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akijua siku zote. Mwenyekiti akasema nikusanye vitu vyangu na nisirudi.

Ami alikuwa amemchagua yule mkubwa. Akamnyanyua kwa mikono miwili, akamwelekezea mwenyekiti.

"Mwambie achukue huyu. Yeye ndiye mwenyeji."

Mwenyekiti akarudi nyuma hatua. Mikono ya Ami ikabaki hewani.

"Anasemaje?" Ami akaniuliza.

"Anashukuru sana, Ami. Anasema daktari kamkataza samaki."

"Maskini," akasema Ami, na kweli alimwonea huruma.

Tulirudi kwa basi, mfuko wa plastiki miguuni. Mke wangu alipika bila kuniuliza kitu. Watoto walikataa kwa Kiingereza, wakasema wananuka tope, na kweli walinuka. Mimi nilimsogezea Ami sahani yangu. Ami alikula wote.

Mwaka uliofuata nilipita nje ya ua nikaona nyuzi zimetandwa juu ya bwawa zima, kuwazuia wale ndege weusi wanaopiga mbizi. Ndege ndio waliokuwa wakila samaki. Watu wa klabu walikuwa wanapajua kwangu, na hakuna aliyekuja kuniomba radhi. Kibao cha uma hawakukibandua. Nilisimama pale nikalia kwa hasira, mtu mzima, watu wanapita na mbwa wao.

Ami hakuambiwa kitu. Alipougua, na chakula kikawa kimemshinda, nilikaa naye jioni moja nikimlisha uji kwa kijiko. Alisukuma kijiko.

"Yule bwana wa bwawani," akasema, "daktari keshamruhusu samaki?"

"Bado, Ami."

"Basi akiruhusiwa, umvulie mmoja mkubwa umpelekee. Mwambie ni wangu."

Nikamwambia nitampelekea.