Machame ya Desemba

Mwaka ule nilikuwa nimeshabadilisha kazi mara tatu. Ya nne ilikuwa kuendesha pikipiki ya kampuni ya kupeleka vyakula majumbani. Mwenye kampuni alikuwa Mchagga wa Machame kwa baba na kwa mama, ila alizaliwa na kukulia Dar es Salaam, na sasa alitaka tawi kwao. Alikuwa ameacha kazi ya benki kwa ajili ya kampuni hiyo. Tawi likifa, hana pa kurudi.

Tulianza wiki ya Krismasi. Sijawahi kukimbizwa vile. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima zilijaa watu, magari ya Dar yalipangana hadi migombani, na wageni waliochoshwa na ndizi za mama zao wakaagiza chipsi kuku. Bosi akataka kukodi fremu kubwa ya duka barabarani kwa miaka mitatu, alete na pikipiki nyingine sita.

Mimi niliyeishia kidato cha pili nikamuuliza kama amewahi kufika Machame mwezi wa tatu. Akasema anakuja kila mwaka tangu utotoni. Nikauliza, anakuja lini? Akaniambia nikajaze mafuta.

Siku ya mkataba, kalamu alikuwa ameshaishika. Mama mwenye fremu angeweza kunyamaza, maana ilikaa tupu muda mrefu. Lakini alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyegeuza shati, akasema, "Baba, wewe Machame huijui. Unaijua Krismasi."

Bosi akacheka. Akasema atasubiri wiki tatu, ili amwonyeshe.

Wiki tatu baadaye tulikaa mimi na yeye mbele ya ile fremu asubuhi nzima. Walipita kina mama na mizigo ya majani ya ng'ombe. Alipita mzee mmoja, tukamwamkia shikamoo, akatuuliza tunamsubiri nani. Simu ya oda ililia mara moja tu. Alikuwa shangazi yake bosi, anamwita akale ndizi.

Akaenda kula. Aliporudi, kwa sauti ndogo kidogo, akamuuliza mama kama angempangisha kila Desemba tu.

"Desemba watoto wangu wanarudi," mama akasema. "Wajukuu nitawalaza wapi?"

Basi akakodi Moshi mjini, ambako watu wanaagiza chakula hata mwezi wa tatu, na tawi lipo mpaka leo. Mimi niliacha kazi mwezi wa nne. Nilitaka kujua malori yanayopita mpakani Holili yanabeba nini.