Jina Lililofungwa kwa Uzi

Shangazi yangu alikuwa mshona vitabu. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine, na vijana wakiisikia hudhani nazungumzia nguo. Lakini wakati ule kila kitabu kilichotoka katika kiwanda chetu cha chapa kilipita mikononi mwake, pale alipoketi karibu na dirisha, akikunja karatasi, akizitoboa, akizipitisha uzi uliopakwa nta. Mimi nilikuwa msahihishaji katika chumba cha pili. Kwa hiyo naweza kueleza niliyoyaona, pamoja na mengine machache ambayo mpaka leo sina hakika kama niliyaona.

Hadithi zilizotupatia wasomaji wengi alizitunga yeye. Alizitunga mikono ikiwa kazini, akaziandika nyumbani baada ya kuosha vyombo. Alipozipeleka kwa Msimamizi wa kiwanda mara ya kwanza, mzee yule alizisoma mpaka machozi yakamlengalenga, kisha akamwambia kwa upole kwamba watu hawatasoma mawazo ya mwanamke, tena mshona vitabu. Akabuni jina la bwana mmoja msomi, akaliweka mbele. Shangazi alikubali. Alisema afadhali mtoto azaliwe akaitwa wa baba wa kambo kuliko afie tumboni.

Jina hilo lilihitajika mara nyingi hata mpanga herufi, tuliyemwita Wino kwa kuwa mikono yake haikutakata kamwe, akaacha kulivunja. Herufi nyingine zote za risasi, vipande vidogo vya madini vilivyopangwa kimoja kimoja kuunda maneno, zilirudishwa kashani kazi ilipokwisha. Zile za jina la yule bwana alizifunga kwa uzi zikiwa zimepangwa, akaziweka rafuni zikingoja kitabu kingine.

Sisi tulimwita Bwana Mgeni. Watu wakija kumwulizia, Msimamizi alisema ametoka sasa hivi. Ili maneno yake yapate sura ya ukweli, akamwekea kiti katika chumba kidogo cha kuhifadhia karatasi. Mama wa chai naye, kwa mzaha, akaanza kumpelekea kikombe.

"Mbona huyu hasemi hata ahsante?" alikuwa akituuliza. "Au ndivyo wasomi walivyo?"

Asubuhi moja akarudi na kikombe kitupu. Tuliulizana, tukashukiana, tukaapa, hakuna aliyekiri. Tangu siku hiyo alikipeleka bila mzaha, akakichukua bila kutazama ndani.

Baadaye bawabu alisimulia kwamba alimwamkia getini, naye akaitikia. Mwenye duka jirani akaisifu sauti yake. Mimi mwenyewe, nikiwa katika kusahihisha, nilizoea kusikia kikohozi kifupi nyuma ya ukuta, kama cha mtu aliyetaka kusema jambo kisha akaghairi. Shangazi naye aliacha kukaa akiupa mlango mgongo.

Ndipo macho ya Bibi, mama yake, yalipoanza kuingia ukungu. Daktari alisema haungepita muda mrefu kabla ya kiza kamili. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, tena kwa taabu, na aliomba jambo moja tu: alione jina la binti yake kitabuni angali anaona. Basi Shangazi akaandika maisha ya mama yake, akayapeleka kwa Msimamizi, akamwomba kitabu hiki kitoke kwa jina lake mwenyewe.

Nilikuwepo. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Binti yangu, mimi sina neno," alisema. "Lakini itabidi kwanza nimwulize mwenyewe."

Tulidhani anatania. Akaingia katika chumba cha karatasi, akafunga mlango. Tuliisikia sauti yake, ikanyamaza kitambo, kama ya mtu anayesikiliza, ikaendelea. Alipotoka, uso ulikuwa umemsawijika.

"Amekataa."

Shangazi hakulia wala hakubisha. "Basi mwambie aandike yeye," alisema, akarudi kwenye sindano yake.

Shangazi hakuandika tena. Wasomaji wakauliza, mashine zikakaa kimya. Msimamizi aliweka kalamu na karatasi nyeupe katika kile chumba, na kila asubuhi alizikuta zimepangwa upya, vizuri kuliko alivyoziacha, bila neno hata moja. Mwishowe alisalimu amri, akakubali kitabu kitoke kwa jina la Shangazi.

Wino akapanga kitabu. Karatasi ya majaribio ilipofika mezani kwangu, ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la Bwana Mgeni. Wino aliniomba radhi. Alisema mkono umezoea, umekwenda rafuni wenyewe. Akarekebisha. Karatasi ya pili ikaja na jina lile lile. Safari hii hakuomba radhi. Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Shangazi akaja na mkasi wake. Alizitwaa zile herufi, akakata uzi, akazirudisha kashani moja moja, kwa utulivu wa mtu anayepanga vijiko. Nyuma ya ukuta kikohozi kilianza, kikakatika kabla ya kwisha.

"Sasa nipange mimi," alimwambia Wino, na akasimama pale pale mpaka Wino alipomaliza kulipanga jina lake.

Nakala ya kwanza aliishona mwenyewe, tukampelekea Bibi. Tulikuwa tumechelewa, alichokiona ni weupe wa karatasi tu. Shangazi akamshika mkono, akaweka kidole chake juu ya jina, kwa maana herufi za risasi huuma karatasi, na mguso huweza kuzifuata. Bibi alisoma polepole, akitabasamu. Kisha kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikajaribu tena.

"Hapa hakuna kitu," alisema. "Na hapa. Mwanangu, ni nani huyu aliyekaa katikati yako?"

Niliinama nikatazama. Herufi nyingine zilikuwa nyeusi, zimezama katika karatasi. Baina yao zilikuwamo chache hafifu, zilizolika kwa kuchapwa miaka mingi, ambazo ziliigusa karatasi kama pumzi. Nilizijua, zilikuwa za jina la Bwana Mgeni. Kasha lilikuwa moja, na Wino alichukua zilizokuwa juu.

Shangazi naye aliziona. Akakibonyeza kidole cha mama yake, kwa nguvu kidogo.

"Pita tu, mama," alisema. "Mbele nipo."