Dada Yangu na Sura za Watu

Dada yangu Sanobar hatambui sura. Macho yake ni mazima, anaona uzi uliokatika kwenye kitambaa cha hariri kutoka mlangoni. Ila sura ya mtu, ukigeuka tu, imefutika. Baba naye yuko hivyohivyo. Siku moja sokoni hapa mjini kwetu Margilan alimshika mkono mke wa mwalimu mkuu, akaanza kumgombeza kwa kusahau karoti za pilau. Mama alikuwa nyuma yake, kacheka mpaka kakaa chini. Sisi tulijua ni usahaulifu wa ukoo.

Shida ilianza Sanobar alipoolewa.

Mkwe mpya huku anaamka kabla ya wote, anafagia nje ya geti, anainamia kila anayepita, mkono kifuani. Wake wapya wenzake wanailalamikia kazi hiyo. Dada yangu alifurahi: ukiinamia kila mtu, humkosei mtu! Aliwainamia muuza maziwa, fundi umeme, na nahisi hata punda. Mtaa mzima ukamsifu. Mama mkwe wake, Hamrohon, Sanobar alimtambua kwa koti lake la zambarau. Miezi mitano, safi kabisa.

Halafu Hamrohon akanunua koti jipya, jeusi.

Alikuwa kasimama sokoni na mashoga zake. Sanobar akampita kama nguzo ya umeme.

"We Hamrohon, yule si mkwe wako?"

"Ndiye."

"Basi leo hujaonekana, shoga. Labda umekonda."

Walicheka. Jioni ile mume wa Sanobar, Ilhom, akamrudisha kwetu na begi moja. "Mama anasema akafundwe adabu kwao." Sanobar alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Mimi ndiye mwenye simu, mimi ndiye mjuaji wa nyumba. Nikatafuta, nikakuta kumbe kuna watu wengi wa hivi. Nikamburuta yeye na Baba mpaka Tashkent kwa daktari wa ubongo. Akawaonyesha picha za watu, nywele zimefunikwa. Baba akaonyeshwa picha yake mwenyewe, akasema, "Huyu mzee ana sura ya mwizi wa kondoo." Daktari akatueleza: kuna sehemu ya ubongo inayoshika sura, yao haishiki vizuri, na inaelekea wamerithishana kwa damu. Akaandika karatasi, akagonga muhuri.

"Tuwapelekee," nikamwambia Sanobar. "Wakisoma tu, unalala kwako leo."

"Zulayho, hiyo karatasi ina maneno mengi."

"Ndiyo vizuri, dada! Watajua tuko siriasi."

Tukaenda. Hamrohon akasoma taratibu, midomo inacheza. Kisha akalia, akamkumbatia dada yangu. "Kumbe hukunidharau, mwanangu. Nami nimekusema mtaa mzima." Mimi pembeni nishajipongeza, bado kujipigia makofi tu.

Akasoma tena mstari wa chini.

"Na huyu wa tumboni?"

Akaniangalia mimi, maana ndiye niliyekuwa naongea sana.

"Daktari kasema... inawezekana. Nusu kwa nusu, labda."

Akaikunja karatasi, akaiweka chini ya sahani ya mkate. "Ingekuwa jeuri, ningemfundisha adabu," akasema kwa upole kabisa. "Damu nitaifanyeje mimi? Nina mabinti wawili hawajaolewa."

"Mama," Ilhom akaanza.

"Kunywa chai, Ilhom."

Akanywa. Sitamsamehe kwa ile chai.

Wiki iliyofuata lori lilisimama kwetu na magodoro ya harusi ya Sanobar, yale Mama aliyoyashona kwa miaka minne; huku yakirudishwa, ndoa imekwisha. Mengine hayakuwahi hata kufunguliwa. Majirani wakatoka kutazama, wote, kwa adabu zao zote. Sanobar akawainamia mmoja mmoja kwa mazoea, tumbo limeshaanza kuonekana.

Baba hakusaidia kushusha. Alikaa kwenye ngazi, kofia mkononi. "Nisamehe, binti yangu. Ni mimi niliyekupa."

"Na hizi nyusi umenipa wewe, Baba. Nazo uziombee radhi?"

Alijaribu kucheka. Mimi pia nilijaribu. Nikabeba godoro moja ndani, nikabaki nimesimama nalo, maana chumba chake tulishampa mpangaji tangu alipoolewa.