Pembetatu za Mzee Kombo

Nilikwenda Tanga kufuata mchoro mmoja tu. Tulikuwa tunaandaa maonyesho Dar es Salaam kuhusu wachoraji wetu walioacha kuchora tembo na twiga wakaingia kwenye pembetatu na miraba, na mchoro wa Mzee Kombo ni wa mwanzo kabisa. Bila huo, maonyesho hayana kichwa.

Asubuhi nikafika kwake Chumbageni. Alinikaribisha chai na mkate wa kumimina.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuuchukua."

"Marahaba, mwanangu. Haupo. Umeazimwa."

"Si tuliongea kwenye simu?"

"Tuliongea. Lakini Usagara wana harusi. Mchoro hauna sura ya kiumbe, hata shehe hana neno nao. Huwekwa nyuma ya bi harusi."

Nilikasirika, wala sikuficha. Yeye akavaa kofia, tukaondoka.

Adhuhuri tulikuwa Usagara. Mama wa bi harusi hakutujibu lolote mpaka tulipomaliza sahani ya pilau. Kumbe harusi yao imepita, na mchoro umeshachukuliwa na watu wa Mabawa. Nikamuuliza Mzee Kombo kwa nini hakatai.

"Mtu ana shughuli, umnyime? Mtaani utaishi na nani?"

Alasiri, Mabawa, hatimaye niliuona. Umetundikwa ukumbini juu ya kiti cha bi harusi, pembetatu nyekundu zimepandana na miraba ya buluu, na pembeni wamebandika maua ya plastiki. Maua ya plastiki! Nikaanza kufungua kamba.

"Mwanangu, uache," akasema shangazi wa bi harusi. "Kesho anakaa hapo."

"Na maonyesho yanafunguliwa kesho, mama."

Nikamgeukia mwenye mali aseme neno. Mzee Kombo akanitoa mkono kwenye kamba.

"Nilipouchora hakuna aliyeutaka," akasema. "Kila mnunuzi aliniambia nichore twiga. Leo wanaugombea. Uache hapo hapo."

Jioni nikapanda basi mikono mitupu, nimenuna mpaka Segera. Sijawahi kusafiri mbali hivyo kwenda kula pilau.

Hasira zilipopoa, nikakumbuka maelezo niliyoyaandika kwa ajili ya wageni: kwamba sanaa hii haikupata watu wake nyumbani. Nimeyafuta. Mahali pa mchoro tumepaacha wazi, na chini yake nimeandika kwamba mchoro uko Mabawa, harusini, na haijulikani utatoka lini.