Nilivyomnyonga Mhehe asiye na hatia mbele ya wakwe zangu Kilolo

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoyaleta hapa sijayatia chumvi, maana chumvi ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni Mnyakyusa wa Kyela, kwa sasa nakaa Mwanjelwa. Nasema kwa sasa kwa sababu miguu yangu haitulii. Nimeuza mitumba Tunduma, nimefukuzia dhahabu Chunya, nimekaa Makambako bila sababu yoyote ya maana.

Kote huko nilibeba counter book, naandika hadithi. Tangu form two napenda hadithi za upelelezi, vile vitabu tulivyosoma chini ya dawati vikiwa havina jalada. Raha ya siku zile siioni tena, ila tuache hayo.

Mwaka jana nikampata Vumilia, mwalimu, kwao Kilolo. Nina miaka arobaini na nne, sina mke. Nikaitwa kujitambulisha kwa baba yake.

Tatizo, mzee hataki "watu wa kupita". Nikajiongeza. Nikamwambia babu yangu alikuwa mpelelezi Iringa mjini enzi za vita ya kwanza, Waingereza walipowatimua Wajerumani wakaukalia mji. Kwamba tuna mizizi huku, na kisa chake ninacho kwenye daftari.

Wakuu, ile ilikuwa fiction yangu mwenyewe.

"Soma," mzee akasema.

Nikasoma sebuleni, familia nzima imekaa. Mwezi wa nane, mji umejaa askari, karani wa Waingereza anakutwa amekufa, pembeni kibuyu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, umetiwa sumu. Babu anapeleleza siku mbili, anaapa kwamba ulanzi uligemwa asubuhi ile na mpishi wa karani, Mhehe mmoja. Mpishi ananyongwa. Hadi sauti ya jaji niliigiza.

Nikafunga daftari.

Festo, kaka yake Vumilia, ni mgema. Akakohoa. "Shemeji, mwezi wa nane aliugema wapi?"

"Kwenye mianzi."

"Mianzi ya nchi gani?"

Wakaangua kicheko. Kumbe ulanzi hutoka masika tu. Kiangazi ukikata mwanzi, unapata mwanzi. Sisi wa Kyela tunajua ndizi, hayo ningeyajulia wapi?

Mzee peke yake hakucheka. "Mmemnyonga mtu bure. Sizungumzi posa na mpishi wetu yuko kitanzini. Nenda kamtoe."

Alikuwa serious kabisa. Vumilia akanisindikiza stendi amenuna. "Si ungeandika chai tu?"

Nikapanga gesti Iringa mjini, siku tatu naandika upya. Kumwachia mpishi ilikuwa rahisi. Sasa karani kauawa na nani? Kwenye hadithi nzima, aliyeapa kuhusu ule ulanzi ni babu peke yake. Nikazungusha kila njia, nikarudi palepale: mwongo ni babu, na muuaji ni babu.

Jumapili baada ya ibada nikarudi Kilolo, nikasoma. Mpishi alipoachiwa huru, Festo akapiga makofi.

Mzee akauliza taratibu, "Kwa hiyo babu yako aliua, akamsingizia Mhehe."

"Ndiyo, baba."

"Na ni kisa cha kweli."

"Ndiyo."

"Unataka nimpe binti yangu mjukuu wa muuaji?"

Nilitoka jasho, tena kwenye baridi ya Kilolo. Nikimtetea babu, mpishi anarudi kitanzini. Nikinyamaza, mke sina. Nikamtazama Vumilia, anaangalia sakafu.

"Baba, babu yangu hakuwahi kufika Iringa. Alilima mpunga Kyela mpaka anazikwa. Nilidanganya. Niliogopa mtaniona mtu wa kupita."

Mzee akaegemea kiti. "Hilo nimelijua tangu siku ya ulanzi. Nilikuwa nangoja ulitamke mwenyewe."

Akamgeukia Vumilia, wakasemezana Kihehe, binti akacheka akifunika mdomo. Kisha mzee akaniambia:

"Barua ya posa lete. Ila aiandike mtu mwingine."

Nilichojifunza: ukweni nenda na ukoo ulionao, hata kama hakuna aliyewahi kufanya la ajabu. Kule wanaotega masikio ni wengi, na kila mmoja anajua kitu usichokijua.

Nanyi mliowahi kubanwa na wakwe, mwageni hapa. Wanyakyusa wenzangu, matusi ruksa.