Mama na Behewa la Waimbaji

Stesheni yetu ya Kibera haina mengi ya kujivunia: jukwaa, dirisha la tikiti, na benchi ambalo tangu nihamie mtaa jirani wa Woodley sijawahi kulikuta wazi. Reli yenyewe ni ya kitambo. Ndiyo iliyowaleta wazee wetu kutoka magharibi mwa nchi kuja kutafuta kazi, baba yangu akiwamo, na leo soko limeisogelea hadi treni ikija muuza viatu huvuta meza yake nyuma. Huduma? Asubuhi inatupeleka mjini, jioni inaturudisha. Jumapili inapumzika kama Mkristo mwingine yeyote. Anayetaka zaidi ya hapo anapenda makuu.

Mama nilimfikisha hapo kwa shida. Alikuwa amekuja kutoka nyumbani akiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na uso wangu kwake ulikuwa ukungu unaoongea. Kliniki moja mjini ingeweza kumpasua, ila ilibidi akae Nairobi majuma kadhaa. Kabla juma la kwanza halijaisha, alikuwa ameshafunga mizigo.

"Hapa watu hawasalimiani," akasema. "Nirudishe kwangu nikae na upofu wangu."

Nilikasirika, na zaidi ya kukasirika niliogopa. Nilijua akishapanda basi la kwenda nyumbani hatarudi tena, na macho ndiyo basi. Nikamsihi aende apimwe mara moja tu, kisha aamue. Matatu humtapisha, kwa hiyo tukaenda kupanda treni.

Sasa, behewa letu lina desturi zake. Watu hupanda lile lile miaka nenda miaka rudi, na treni ikishang'oa nanga tu, dada mmoja muuza mitumba hutikisa kayamba na nyimbo za kanisa zikaanza. Mimi, ninayekwenda zangu River Road kwenye kazi ya kuchapisha kadi za harusi, huwa najifanya nimelala. Siku hiyo pia nilifumba macho. Nilisahau kwamba mle ndani mgeni hapiti kimya kimya.

"Tuko na mgeni leo," akasema muuza mitumba. "Mgeni asimame atusalimie!"

Nilitamani kutokea dirishani. Mama akasimama, akashika chuma, akakohoa.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!" behewa zima.

"Nimesema, Bwana asifiwe!"

Jamani, mama alisalimia! Alisalimia kwa niaba ya kanisa lake, kikundi cha akina mama, majirani, na ng'ombe aliyezaa juzi. Akamwombea dereva wa treni. Kisha akaanzisha wimbo wa kwetu wenye kiitikio kirefu, na tulipofika mjini tulikuwa bado katikati. Hakuna aliyeshuka. Makarani, mafundi, wanafunzi, wote walimsubiri amalize, huku askari wa jukwaani akigonga bati la behewa na kuuliza, "Wasee, mmehamia hapo ama?"

"Kesho tunapanda saa ngapi?" mama akaniuliza tukielekea kliniki.

Habari ya mizigo haikutajwa tena. Alipanda hata siku zisizo za kliniki, akashinda kazini kwangu akiwahubiria wateja, na jioni tukarudi pamoja. Alimjua kila mtu kwa sauti, na asiposikia mmoja aliulizia kama ni mgonjwa.

Akapasuliwa jicho la kwanza. Siku bandeji ilipotolewa tulipanda treni ya jioni, na wenzetu wakaanza kumzonga, kila mmoja akitaka kujitaja.

"Nyamazeni," akasema. "Msiniambie majina. Imbeni."

Wakaimba. Akapita katikati yao akiwanyooshea kidole. "Wewe ndiye besi? Mbona mwembamba hivi? Na wewe wa kayamba, kumbe u msichana tu!" Behewa likavunjika mbavu.

Kisha akanifikia mimi. Alinitazama muda mrefu. Alikuwa hajaniona vizuri kwa miaka. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu ana mvi," akasema, "na hakuna aliyeniambia."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alizipapasa kwa kidole, moja moja, mpaka tukafika Kibera, nami nikamwachia.