Bastola ya Bwana na Ulimi wa Bibi

Harufu ya mafuta ya mbarika yakichemka siwezi kuichanganya na nyingine. Ni nzito, inakaa kooni kama neno ulilokatazwa kusema. Wajukuu zangu wakiisikia hapa Buswelu hufungua madirisha na kuziba pua. Mimi huvuta kiti karibu. Kwa bibi yangu mzaa baba, ng'ambo ya maji upande wa Uzinza, ukishuka Kamanga unatembea tena nusu siku, mafuta hayo yalikuwa ya majembe. Babu alikuwa mhunzi, na kazi ya bibi ilikuwa kuyalinda majembe yasishikwe na kutu mpaka yapate mnunuzi. Kabla ya kulipaka jembe mafuta, alililamba. Ndiyo, alililamba, ncha ya ulimi tu, kwenye bapa. Akisikia chumvi alijua jasho la mkono wa mtu limebaki pale, na jasho ndilo mama wa kutu. Basi aliliosha kwa maji ya moto, akalikausha karibu na makaa, ndipo akalipaka mafuta kidogo, ya kung'aa, si ya kudondoka, maana mafuta mengi hukamata vumbi. Na chuma hakikulala ndani ya ngozi kamwe. Ngozi, alisema bibi, ni mlevi wa siri, inakunywa maji kimya kimya halafu inamtapikia mwenzake. Mimi nimeishia darasa la pili, lakini hayo niliyajua kabla ya kujua a, e, i, o, u.

Baba yangu naye aliyajua, akayakana. Alivuka ziwa kijana, akawa boi wa Mzungu mmoja pale Mwanza, miaka ya Mwingereza, kabla ya ile vita ya pili. Alivaa kanzu nyeupe, akasahau moshi wa kwao. Watu wakimwuliza ukoo wake alitaja ukoo wa mama yake, kwa kuwa wahunzi walisemwa kuwa ni watu wa masizi na uchawi. Bibi alikatazwa kuja mjini. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na mimi naongeza kwamba wengine huuacha uhuru wao kwa hiari, wakapewa na kanzu juu.

Sasa huyo Mzungu. Kazi yake ilikuwa kukagua pamba ya wakulima, kuvuruga magunia kwa fimbo na kusema hii chafu, hii chafu. Watu walimwita Bwana Bastola. Bastola yake ilikaa nyongani kulia ndani ya mfuko wa ngozi nene, asubuhi mpaka jioni, na usiku iliwekwa hivyohivyo ndani ya ngozi yake chini ya mto. Alikula nayo. Alienda nayo chooni. Alimwogopa nani, sijui. Mamba hakumkaribia, chui hakumtaka, na wakulima walikuwa na mikono mitupu. Katika miaka yote ile sikusikia amepiga hata kunguru. Mtu mnene, mwekundu, jasho likimtoka kama mtungi mpya, anapanda mawe ya mlima ilipokuwa nyumba yake huku kale kachuma kanampigapiga kiunoni, na kifua mbele! Debe tupu haliachi kuvuma. Nimeona majogoo wenye adabu kuliko yule.

Kila asubuhi baba aliitoa bastola, akaipangusa, akaipaka mafuta ya kopo kutoka duka la Mhindi, akairudisha kwenye ngozi yake. Mimi nilikaa kizingitini nikimtazama, mtoto wa miaka minane hivi, na siku moja nilimwuliza, "Baba, mbona unakilaza chuma kwenye ngozi?" Akanitazama kama nimemtukana mbele za watu. "Nyamaza. Hayo ni ya porini." Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alijua. Mvua za masika zikaja, unyevu wa ziwa ukaingia hadi kwenye kiberiti, na Ijumaa moja Bwana akaitoa bastola awaonyeshe wageni wake. Ikatoka na upele. Madoa mekundu, yenye vishimo, kuanzia kwenye mtutu mpaka karibu na mpini. Wageni wakacheka. Mzungu kuchekwa na Wazungu wenzake ni jambo zito.

"Wewe boi, wewe mvivu sana!" alifoka. "Bastola yangu nakwisha kuliwa! Jumatatu mimi napeleka wewe Boma, nakula viboko kumi na mbili!"

Kiboko cha Boma tulikijua; jirani yetu alikipata, akalala kifudifudi mwezi mzima, na mgongo wake haukurudi kuwa mgongo. Mama yangu hakumwomba baba ruhusa. Jioni ileile alituma neno kwa wavuvi wa upande wa Kamanga, na Jumapili asubuhi nikamwona bibi anapanda mawe, miguu mitupu, kibuyu cha mafuta begani. Baba alipomwona akawa kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mama, umekuja kuniaibisha?"

"Nimekuja kuuchukua mgongo wako, mwanangu. Aibu yako kaa nayo."

Baba akamfuata hadi barazani kwa Bwana. Bwana alikuwa ameketi anakunywa chai, bastola mezani, mfuko wake umening'inia kwenye kiti. Bibi hakujua Kiswahili ila maneno ya sokoni. Alisema kwa Kizinza, na baba alitakiwa afasiri. Bibi aliigeuza bastola kwa kidole. Upande mmoja umeoza, upande wa pili mzima, unang'aa kama jicho la samaki.

"Mwambie, kutu haichagui upande bila sababu. Mvivu angeacha pande zote mbili. Huu uliooza ndio unaolalia nyonga yake."

Baba akafasiri. Bwana akakunja uso. Bibi akauchukua mfuko wa ngozi, akaugeuza upande unaogusa mwili. Ulikuwa mweupe kingo zote, kama chungu kilichokaukiwa na maji ya chumvi. Akaulamba. Akatema mate pembeni. Akamnyooshea Bwana.

"Mwambie alambe."

Baba akainamisha kichwa. Kanzu yake ilikuwa safi mno siku ile. Bibi akamngoja, kisha akanigeukia mimi, nami nikasema kwa Kiswahili changu chote, "Bibi anasema ulambe, Bwana. Ni jasho lako."

Bwana akatutazama mmoja mmoja. Nadhani alitaka kukasirika, lakini watu wa namna ile hawaachi kitu kiwapite bila kukikagua, ndiyo kazi yao. Akautoa ulimi, mwekundu, akaugusisha kwenye ngozi. Uso ukamkunjamana. Nyani haoni kundule, lakini siku ile alilionja. Ndipo baba akasema, taratibu, bila kuulizwa, "Chuma kisilale kwenye ngozi, Bwana. Nilijua. Mimi ni mtoto wa mhunzi."

"Kwenda," alisema Bwana. "Nyote kwenda."

Jumatatu ikapita, na Boma hatukuitwa. Wiki ya pili baba alifukuzwa, eti chai ilikuwa baridi. Mtu aliyekwisha kukuona ukijilamba hutaki akupikie. Mjini jina lilibadilika, akawa Bwana Mlamba, mpaka alipopanda meli kwenda zake, na bastola ile, ndani ya ngozi ileile! Baba akaandikwa kwenye kinu cha pamba kutunza mashine, na kule alilamba vyuma waziwazi, mbele ya mafundi, wakamcheka, kisha wakaanza kumwita mashine zinapokwama. Alikufa mzee. Waliomwosha walisema mgongo wake ulikuwa laini kama wa mtoto.

Siku hizi mjukuu wangu ni mlinzi wa duka kubwa mjini. Viatu vinang'aa, simu mbili, bastola ya kampuni kiunoni. Juzi alikuja kunisalimia. Shikamoo yake yenyewe ilikuwa nusu, nusu nyingine aliipa simu. Alipovua mkanda na kuilaza bastola mezani, niliona kutu, palepale, upande wa nyonga. Nikamweleza habari ya jasho, nikamwambia alambe mkanda wake. Akacheka sana. "Bibi, siku hizi kuna dawa za kupuliza." Ziko wapi? Hana. Na wenzake kazini, nilimwuliza, wanajua babu zako walikuwa wahunzi? Akatazama pembeni, vilevile alivyotazama baba yangu. Kanzu imebadilika tu, imekuwa sare. Nikainuka nikaenda jikoni kuchukua chai, na niliporudi nikamkuta amenipa mgongo, mkanda mkononi, ulimi nje. Nikaweka chai mezani, nikaenda kukitafuta kibuyu cha mafuta.